Daraja Linalojengwa Kila Mwaka

Leo tuko Peru, wilaya ya Quehue mkoani Cusco, kwenye mto Apurímac. Hapo, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, kuna daraja la kamba za majani lenye urefu wa mita 28 hivi. Linaitwa Q'eswachaka. Wainka walikuwa na madaraja mengi ya aina hii kwenye barabara zao kabla Wahispania hawajafika. Hili limedumu kwa sababu haliachwi lizeeke.

Majani hukauka, kamba hulegea. Basi kila Juni vijiji vinne hukutana kulijenga upya, na kila kaya huja na kamba zake nyembamba. Wanawake ndio wasokotaji. Msikilizaji wa pwani anayejua kamba za makumbi ataielewa kazi hiyo upesi. Wanaume husuka zile nene: nne za kukanyagia, mbili za kushikia. Kamba za kwanza zikishavushwa ng'ambo, daraja kuukuu hukatwa likaanguka mtoni. Ni majani tu, yataoza. Siku tatu kazi imekwisha, ya nne ni ngoma.

Jirani yake lipo daraja la kisasa la magari, kwa hiyo hakuna anayelazimika kulipita hili. UNESCO iliutambua ujuzi huu mwaka 2013. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, halikujengwa. Machi 2021 likakatika. Juni ya mwaka huohuo wanavijiji walikuwa tena mtoni, wakivuta kamba mpya.