Usingizi wa Mchana katika Mwambao wa Kigoma



Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji na Katonga hata Kibirizi, kazi kubwa ya riziki hufanywa usiku; kwa kuwa dagaa huifuata nuru, na nuru ya mvuvi, iliyokuwa ya karabai zamani na sasa aghalabu ni ya taa za sola, hushindwa na mbalamwezi. Basi katika siku za giza wavuvi huingia ziwani jua likichwa, hurejea alfajiri, na wakiisha kuwakabidhi dagaa akina mama waanikao, huenda kulala saa ile ile mji unapoamka. Shauri langu la leo ni kwamba, katika nchi hii ya ziwa, usingizi wa mchana ni usingizi wa wafanyakazi, nao unastahili heshima ile ile tuupayo usingizi wa usiku.

Macho yana kope za kuyafumba, lakini masikio hayana. Mtu alalapo, ubongo wake huendelea kuipima kila sauti kama ina hatari au haina, hata kama yeye mwenyewe haamki wala hatakumbuka kwamba alisikia. Kipaza sauti cha muuzaji, bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, muziki wa dukani na mashine ya kusaga, kila kimoja huugutusha mwili: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na homoni za fadhaa, adrenalini na kotisoli, huenea katika damu. Jambo hili likitukia mara moja hupita; likikaririwa kila siku, mwili hukosa wasaa wa kutua. Fauka ya hayo, usingizi ndio wakati ambao ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyopatikana. Ukikatwakatwa, kumbukumbu hudhoofu, fikira huwa nzito, ghadhabu huwa karibu, na wasiwasi na huzuni hupata njia. Na mtu wa namna hiyo ndiye tumpelekaye ziwani jioni, akaamue peke yake, upepo uvumapo ghafla, kama arudi au aendelee.

Haya si dhana tupu. Mwaka 1992 mji wa Munich, huko Ujerumani, ulifunga kiwanja chake cha ndege cha zamani na kufungua kipya mahali pengine, na wataalamu waliwapima watoto wa sehemu zote mbili kabla ya mabadiliko hayo na baada yake. Watoto walioondokewa na ngurumo za ndege walizidi nguvu katika kukumbuka na kusoma; walioletewa ngurumo hizo walirudi nyuma katika mambo hayo hayo. Dhahiri basi kelele huidhuru akili hata ya mtoto mwenye afya, na dhahiri vile vile madhara yake hupungua kelele ikiondoka.

Taifa letu lina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kuzuia kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo huuhifadhi usiku zaidi kuliko mchana. Hiyo ni haki mahali ambapo watu hulala usiku. Lakini katika mitaa iliyo karibu na mialo yetu haitoshi. Serikali za mitaa, zikishauriana na wavuvi, wafanyabiashara na viongozi wa dini, zaweza kukubaliana saa za utulivu, tangu asubuhi hata adhuhuri, katika siku za giza. Na harusi na ngoma zikapewa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wenyewe wako nyumbani nao watashiriki furaha hiyo.

Najua muuzaji naye anatafuta riziki, na sitaki biashara yake ife. Lakini mteja anayemwita kwa kishindo ni yule yule aliyelala nyuma ya ukuta, na fedha ya duka imetoka katika dagaa wa jana. Kumnyima usingizi mtu huyo ni kuidhuru afya yake, na pia ni kuukata mzizi wa soko letu sote. Kwa hiyo, mwenye kipaza sauti na apunguze sauti leo hii, kwa hiari yake, asingoje mgambo aje kumlazimisha; na mwenye jirani mvuvi na amuulize saa zake za kulala, kisha azihifadhi kama amana.