Akiba Inayooza: Somo la kaa kwa wafugaji wa Mlali

Ndugu msikilizaji, juma hili nina deni la kulipa, nami nitalilipa hadharani kwa sababu nililikopa hadharani. Mwaka jana, katika mazungumzo haya haya, niliwaambia wafugaji wa samaki kwamba chakula chenye mafuta mengi ndicho chenye nguvu, na kwamba asiye na fedha za kununua dagaa asikate tamaa, bali atafute mafuta ya bei nafuu ayachanganye na pumba. Nilisema hayo kwa sauti ya mtu ajuaye. Kumbe nilikuwa nimesoma karatasi moja tu, tena juu juu.

Mmoja wa walionisikia ni mjomba wangu wa Mlali. Kwa wasiopajua huko, ukitoka Morogoro mjini kwa barabara kuu ya Iringa, ukifika Mzumbe unaiacha barabara hiyo na kushika njia ya Mgeta, kuelekea milima ya Uluguru. Mlali utaipita kabla hujaanza kupanda. Ni nchi ya nyanya na mbogamboga, na maji yake hutoka mlimani. Nasi Waluguru, ambao ukoo wetu hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kupuuzwa. Ndiye mwenye neno. Mjomba wangu huyu amechimba bwawa la perege chini ya shamba lake la nyanya, na ada ya shule ya wajukuu wawili hutoka katika bwawa hilo.

Basi aliposikia maneno yangu, alikwenda kwa wauza chipsi akaomba mafuta yaliyobaki kikaangoni, yale meusi, akawa anayamimina katika pumba za mahindi. Perege wakanenepa. Akanipigia simu kunishukuru. Kisha, mwezi wa tatu, baada ya siku kadhaa za mawingu, alfajiri moja aliwakuta samaki wamejaa juu ya maji wakihema, vinywa wazi. Jua lilipochomoza wengi walikuwa wamegeuka matumbo juu.

Nilifunga safari. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa bwawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Samaki uliosema niwanenepeshe ndio hao."

Hakuongeza neno. Msikilizaji, ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mtaalamu wa samaki aliyekuja kutazama alisema muuaji mkuu alikuwa ukosefu wa oksijeni ndani ya maji: samadi ilizidi, mawingu yakazuia jua, na chakula chenye mafuta kilichobaki kikaozea humo humo bwawani. Lakini alimpasua perege mmoja, akatuonyesha mafuta yaliyojazana kuzunguka matumbo na ini lililopauka. "Hawa," akasema, "walikuwa wanene. Hawakuwa wazima."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Na huenda yangeishia hapo, kama si binti wa mjomba, binamu yangu, aliyeolewa pwani ya Tanga. Yeye na wanawake wenzake hunenepesha kaa wa mikoko, wale ambao wafanyabiashara huwaita kaa magando. Watoto wa Mlali wanamjua kaa wa mtoni, yule mdogo ajifichaye chini ya mawe. Huyu wa pwani ni mkubwa zaidi, na mnunuzi humtaka akiwa hai. Akifa, bei imekufa naye. Wavuvi huwapata wengine wembamba, waliojivua gamba siku za karibuni, ndani maji matupu. Hao huwekwa katika vizimba penye mikoko, wakalishwa kwa majuma machache hadi wajae nyama. Binamu alipopewa habari za bwawa alisema, "Kaka, hata sisi yametupata." Kaa wao walikuwa wazito vizuri, lakini walikuwa wakifia kwenye kikapu kabla ya kumfikia mnunuzi. Walikuwa wamelishwa matumbo ya samaki yaliyolala sokoni siku mbili au tatu.

Bwawa la mlimani na kizimba cha baharini vina ugonjwa mmoja? Nikaamua safari hii nisome sawasawa, na niwaulize wanaojua. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mafuta yana kazi mbili mwilini, nasi wafugaji wa maneno huitaja moja tu. Kazi tunayoitaja ni kuwa kuni. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu ya kalori 9 hivi, na gramu moja ya wanga hutoa 4. Hapo ndipo nilipokosea mwaka jana; nilizitazama hizo kuni, nikaisahau nyumba. Kwa maana kazi ya pili ya mafuta ni kuwa tofali. Kila chembe hai ya mwili, iwe ya kaa, ya perege au ya msomaji wa taarifa ya habari, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukiwa wa mafuta yafaayo, hulainika na kupitisha kinachotakiwa. Ukiwa wa mafuta mabaya, hukakamaa au huharibika.

Kaa ana shida moja ya ziada. Wewe na mimi miili yetu hutengeneza lehemu yenyewe, ile ambayo madaktari huiita kolesteroli na kutukanya isizidi. Kaa hawezi kuitengeneza. Lazima aile. Na bila lehemu hawezi kutengeneza kichocheo kinachomwezesha kujivua gamba, na kaa asiyejivua gamba hakui. Lakini tazama kipimo chake. Utafiti juu ya makinda ya kaa wa mikoko, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba lehemu ya kiasi cha nusu ya asilimia 1 ya chakula ndiyo iliyowafaa zaidi, na ilipopita asilimia 1 ukuaji wao ulianza kurudi nyuma. Kuhusu mafuta yote kwa jumla, utafiti mwingine, uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2002, uliwaona kaa hao wakikua vizuri kwa chakula chenye mafuta asilimia 6 hadi 12. Hapakuwa na sababu ya kumwaga debe.

Pili, kinga. Mtoto wa binadamu akichanjwa, damu yake huweka kumbukumbu ya ugonjwa na kuandaa silaha maalumu. Kaa hana silaha za namna hiyo. Damu yake, ambayo ikibeba oksijeni huwa ya buluu kwa sababu ina shaba badala ya chuma, ina askari wa aina nyingine: chembe zinazomeza vijidudu, zinazogandisha damu penye jeraha, na zinazowazingira maadui na kuwatia weusi hadi wafe. Askari hao nao wamevikwa utando wa mafuta. Tena, ishara nyingine wanazopelekeana wakati wa vita hutengenezwa kutokana na mafuta yaliyotoka katika utando huo huo. Kwa hiyo ukimlisha kaa mafuta yasiyofaa, unawavalisha askari wake sare mbovu na kuwaharibia simu.

Tatu, pumzi, na hapa ndipo nilipomwelewa mtaalamu wa Mlali. Maji hayana oksijeni nyingi. Maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 7 na nusu. Ya bahari hubeba pungufu ya hapo. Mchana, ule ukijani wa bwawani hutengeneza oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku hautengenezi, bali nao unavuta, pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza. Ndiyo maana kifo huja alfajiri.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mafuta ni akiba ya mwili, lakini ni akiba yenye sharti gumu: hayawezi kuungua bila oksijeni. Oksijeni inapokwisha, kaa na samaki huishi kwa wanga mdogo uliohifadhiwa mwilini, unaoweza kutumika kwa muda hata bila oksijeni, ingawa huacha asidi mwilini. Mafuta yote yale aliyojaza hayamsaidii saa hiyo. Ni sawa na mtu mwenye fedha nyingi benki akapatwa na ajali usiku wa Jumapili, na mfukoni hana hata shilingi.

Basi je, mafuta hayana faida yoyote wakati wa dhiki ya hewa? La, yanayo, ila faida yake haiko katika akiba, iko katika tofali. Kaa hupumulia matamvua, na matamvua ni tando tupu. Nchini China, ambako kaa wa maji yasiyo na chumvi hufugwa kwa mamia ya maelfu ya tani kila mwaka, watafiti wamekuwa wakiwalisha mafuta ya aina mbalimbali, ya samaki na ya mimea, kisha wakazipima kinga zao na ustahimilivu wao katika maji yenye oksijeni kidogo. Wanashughulika na aina ya mafuta, si wingi tu, kwa sababu kaa hujengwa na alicholishwa: mafuta ya chakulani huonekana baadaye katika nyama yake na katika matamvua yake.

Na kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kaa wa mikoko ni kiumbe wa bahari. Anahitaji yale mafuta laini yaliyomo katika samaki na chaza, ambayo alizeti hainayo. Perege wa Mlali hahitaji hayo kwa kiasi hicho. Mafuta ya mimea, kama yaliyobaki katika mashudu ya alizeti, humtosheleza kwa sehemu kubwa. Ushauri mmoja kwa wote wawili, kama ule niliotoa mimi, ni ushauri wa kukisia.

Nne, msikilizaji, na hili ndilo lililowaua kaa wa binamu na kuwadhoofisha perege wa mjomba: mafuta huoza. Mafuta laini ya samaki, ambayo kaa anayahitaji sana, ndiyo yanayochacha upesi kuliko yote. Joto, mwanga na hewa huyageuza kuwa sumu inayoharibu ini na zile tando tulizozisema, na huimaliza vitamini E iliyokuwa ikizilinda. Mafuta ya kikaangoni yaliyochemshwa mara ishirini yamekwisha kuharibika kabla ya kufika bwawani. Matumbo ya samaki yaliyolala sokoni hali kadhalika. Kaa wa mikoko kwa asili ni hodari. Anaweza kukaa siku kadhaa nje ya maji akiwa hai, ilimradi matamvua yake yabaki na unyevu na awe kivulini. Lakini kikapuni anapumua kwa shida, na hapo ndipo udhaifu wake unapofichuka. Mizani ilimwona mzito. Safari ikamwona mgonjwa.

Sasa nilipe deni langu. Nafuta nilichosema mwaka jana. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yasimwagwe katika chakula cha samaki wala cha kaa. Mfugaji wa perege atumie pumba na mashudu mapya, aongeze dagaa kidogo anapoweza, na ahifadhi vyote pakavu, penye kivuli, kwa muda mfupi. Pumba ya mpunga hasa huchacha upesi, na chakula chenye ukungu kitupwe, kwa kuwa kinaweza kuwa na sumukuvu. Asilishe alfajiri, bali jua likishapanda. Siku za mawingu mazito apunguze chakula au aache kabisa, asiongeze samadi, na akiona samaki wanahema juu afungulie maji mapya mara moja. Mnenepesha kaa naye alishe matumbo ya samaki ya siku hiyo hiyo, au konokono na chaza wabichi, na aondoe makombo. Na kabla ya kumwamini mtu wa redio, aulize. Sisi wa Morogoro tuna Kituo cha Kingolwira na tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo; hatuna udhuru wa kukisia.

Lakini sitaki kumtwika mfugaji mzigo wote. Mjomba hakwenda kwa wauza chipsi kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu dagaa anayemtaka yeye kwa samaki wake ndiye huyo huyo anayetafutwa na mama mwenye watoto kwa ajili ya mboga, na ndiye huyo huyo anayenunuliwa kwa chakula cha kuku. Chakula kizuri cha samaki kikiendelea kuwa ghali kuliko samaki mwenyewe, watu wataendelea kumwaga ndani ya maji chochote kinachong'aa. Tunahimizwa kuchimba mabwawa, ni vizuri. Anayehimiza bwawa aulizwe pia habari ya chakula.

Juzi nilipita tena Mlali. Bwawa limetolewa tope, maji mapya yanaingia kwa mfereji, na vifaranga vya perege vimo. Mjomba alinionyesha gunia dogo la mashudu, limefungwa vizuri, limewekwa juu ya ubao lisiguse ardhi. Akachota kiganjani, akanisogezea puani.

"Nusa," akaniambia. "Kama yamechacha, useme leo, usingoje kunitangazia redioni."

Nilinusa. Yalikuwa mazuri. Nami nikaona kwamba nimesamehewa, ingawa hakulitamka neno hilo.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa. Kwaherini.