Marekebisho Yaanzie Dirishani



Tulipodai mageuzi hatukudai vibao vipya tu. Mabaraza 175 ya serikali za mitaa yalikoma mwaka 2013, zikaja kaunti 47; lakini mama muuza mboga bado aweza kupoteza siku nzima akifuata leseni, kutoka dirisha hili hadi lile.

Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 chataka wananchi wahudumiwe upesi na bila upendeleo. Semina ya hotelini haitimizi hayo. Wajapani huita kaizen ile kazi ya kurekebisha jambo dogo leo na jingine kesho, akianza aliye karibu nalo. Karani ndiye ajuaye fomu ipi hujazwa mara mbili bure. Basi aulizwe, wala asiadhibiwe kwa kusema. (Wapo wakubwa ambao ucheleweshaji ndio shamba lao.)

Nasi tuendapo kulipa ada, tuandike muda tuliongoja, tuupeleke kwenye bunge la kaunti. Kifungu cha 196 kinaliagiza litushirikishe. Na karani aliyethubutu kurekebisha tusimwache peke yake: tumtaje kwa wema mbele ya mkubwa wake.