Dizeli Ilikuwa Inaenda Wapi?

(Maneno ya katibu wa zamani wa kikundi kimoja cha kujisaidia, mbele ya wajumbe wa vikundi vya Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Nimeambiwa niongee juu ya pampu ya gari, na nimeona wengine wakiangaliana: huyu katibu amekuwa fundi tangu lini? Mimi si fundi. Mimi ni mtu aliyeandika uongo katika kitabu cha mikutano cha kikundi chake, kwa sababu hakujua pampu ndogo ya dizeli inafanya kazi gani. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Gari yetu ilikuwa Land Rover pikapu ya dizeli, ile ndefu ya mwisho wa miaka ya 1970, wakati Land Rover zilikuwa zikiungwa Thika. Ilikuwa imezeeka tayari tulipoinunua kwa harambee. Mwaka wa 1998, baada ya mvua ya El Niño kuharibu barabara, tulitoka Sori na magunia ya omena kupitia Ndhiwa tukielekea Rodi Kopany. Kwenye mlima gari ikaanza kukosa nguvu, ikakohoa mara mbili tatu, ikazima. Ukingoja kidogo inashika, inatembea kama mita mia, inazima tena. Na mawingu yalikuwa yameshuka kabisa. Mnajua omena ikinyeshewa bei yake inakuwaje: inakuwa chakula cha kuku.

Dereva wetu, kijana mtulivu sana, alifungua boneti akasema, "Katibu, dizeli haifiki." Akachukua jerikani ya lita ishirini, akaifunga juu ya keria kwa kamba, akaingiza mpira ndani, na upande wa pili wa mpira akaufunga kwenye bomba la kuingia filta. Dizeli ikashuka yenyewe kama maji ya tangi la nyumbani. Akatoa hewa, gari ikashika, tukafika Rodi kabla mvua haijaanza. Watu barabarani walitucheka, lakini tulifika. Hiyo ni dawa ya kukutoa porini tu. Msifanye iwe mazoea, na mpira usiguse ekzosi, kwa sababu dizeli ikimwagika juu ya chuma chenye moto inaweza kuwaka.

Sasa nieleze hiyo pampu. Fikirini kisima chetu cha pampu ya mkono. Maji yako chini, hayapandi yenyewe. Unasukuma mkono, ndani kuna mpira unaovuta maji, na valvu zinazoyazuia yasirudi. Gari ya dizeli ya zamani iko hivyo hivyo. Tangi liko nyuma na chini, injini iko mbele na juu. Pampu ndogo imefungwa ubavuni mwa injini kwa nati mbili. Ina mkono ulioingia ndani ya injini, na kamshafti ikizunguka inausukuma ule mkono, mkono unavuta ngozi ya mpira inayoitwa diaframu. Dizeli inavutwa kutoka kwenye tangi, inasukumwa mpaka filta, halafu inaingia pampu kubwa, ile injekta pampu, ambayo ndiyo inapeleka kwa nozeli kwa nguvu nyingi sana. Pampu ndogo ikifa, pampu kubwa inakula hewa, na hewa haiwashi injini.

Hapo ndipo watu wanaliwa pesa. Gari ikizima hivyo, utasikia: "Pampu imeisha, lazima tuipeleke Kisumu kwenye mashine." Uliza kwanza: pampu gani? Kubwa au ndogo? Bei ya moja na nyingine ni kama ng'ombe na kuku. Kabla ya kukubali chochote, fanyeni majaribio haya, hayahitaji digrii.

Angalieni kwanza kama tangi lina dizeli. Msicheke, nimeona. Halafu fungueni kifuniko cha tangi. Kama kinavuta pumzi "fuu", tundu lake la hewa limeziba na pampu haina kosa. Angalieni filta na kile kikombe cha kukusanya maji na uchafu. Sisi tunaonunua dizeli ya madebe kando ya ziwa tunapata maji mengi humo. Kama hayo yote ni mazuri, toeni bomba la kutoka kwenye pampu ndogo, mwelekeze kwenye chupa, mvute ile kebo ya kuzimia gari, halafu mtu apige stata. Dizeli inatakiwa itoke kwa kurukaruka, fyu, fyu, mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Isipotoka, au ikatoka kama machozi, msihukumu bado. Ondoeni bomba la kuvuta, mwunganishe mpira mfupi mpaka kwenye jerikani yenye dizeli safi, mjaribu tena. Ikivuta vizuri kutoka jerikani, ubaya uko kwenye bomba la kutoka tangi, limetoboka au limeziba, na mkinunua pampu mmetupa pesa. Ikikataa hata hapo, basi pampu imekufa.

Ya kwetu ilikuwa imekufa. Na hapa ndipo kikundi kilipokosea, mimi nikiwa mbele. Pampu mpya ilikuwa na bei, na kwa mweka hazina hakukuwa na kitu. Fundi mmoja mjini akasema atafungua ile ya zamani, akate diaframu kutoka kwa tyubu ya gurudumu, tulipe pesa kidogo. Tukapiga makofi. Na gari ikatembea! Wiki ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Hatukujua kwamba mpira wa tyubu ukikaa ndani ya dizeli unavimba, unalegea kama ugali uliolala kwenye mchuzi, halafu unapasuka.

Wiki ya tatu mimi nikiangalia kitabu cha gari nikaona hesabu haikubali. Safari ni zile zile, dizeli imezidi. Wiki ya nne imezidi tena. Unajua binadamu, anaanzia wapi? Kwa dereva. Nikauliza maswali kwa kona: nani amemwona akisimama Rongo, nani amemwona na jerikani? Mtu hakosekani wa kusema ameona. Tukamwita mbele ya mkutano, mama yake mzazi akiwa ameketi pale, yeye ni mwanachama. Kijana akasema, "Sijachukua hata tone." Nikaandika kwa mkono wangu kwamba dereva anauza dizeli ya kikundi na amesimamishwa. Tukaweka dereva mwingine, mtu mzima, mzee wa kanisa. Dizeli ikaendelea kupotea.

Siku ile gari ilipopelekwa kwa fundi wa misheni kwa kazi ya breki, yule mzee akavuta kijiti cha kupimia oili, kama desturi yake. Akakiangalia. Akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Akaniita: "Katibu, njoo unuse." Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama, nyepesi kama chai, na inanuka dizeli. Mimi nilikuwa nimesifu hiyo injini kanisani! Nilisema Mungu ameibariki, siku hizi haili oili. Kumbe ilikuwa inaongezewa. Diaframu ikipasuka, dizeli inapita kwenye tundu la ule mkono na kushuka moja kwa moja ndani ya sampu. Tulipofungua sampu ilitoka karibu lita tisa, na injini hiyo hubeba kama sita. Nyingine ilikuwa ikivuja ukingoni mwa ule mpira na kudondoka barabarani gari ikitembea.

Fundi aliniambia tulikuwa tumebakisha safari chache. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki chuma, beringi zinasagana, na injini yaweza hata kunywa ile oili ya sampu ikanguruma yenyewe bila kuzimika mpaka ivunjike. Tungeua injini nzima kwa ajili ya kipande cha tyubu.

Pampu mpya tuliifunga siku ile ile, na nilishika spana mwenyewe, kama kitubio. Kazi si ngumu. Pangusa kwanza uchafu wote pale inapokaa, mchanga usiingie kwenye injini. Toa mabomba mawili na uweke alama, la kuingia na la kutoka, ukiyabadilisha haivuti. Fungua zile nati mbili; Land Rover ya zamani inataka spana za inchi, ya nusu inchi inatosha. Pampu inatoka na mkono wake. Kwangua gasketi kuukuu bila kuangusha vipande ndani, weka mpya. Ukiingiza pampu hakikisha mkono umekaa sawa juu ya kamshafti. Ukiona pampu inakataa kulala, usiilazimishe kwa nati, utavunja mkono. Zungusha injini kidogo mpaka kamu iende upande wa chini, itakaa yenyewe. Kaza nati zote mbili kidogo kidogo, huku na huku.

Baada ya hapo ni kutoa hewa, na wengi wanashindwa hapa wanamaliza betri. Ile pampu ina kimkono kidogo cha kupiga kwa kidole. Ukikiona kimelegea hakivuti, usiseme umeuziwa pampu mbovu: kamu imesimama juu, zungusha injini mzunguko mmoja. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kimkono mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, kaza. Fanya hivyo kwa skrubu za pampu kubwa, moja baada ya nyingine. Kama bado haishiki, legeza nati za mabomba ya nozeli, piga stata mpaka dizeli itokeze, kaza. Lakini mkono usiweke mbele ya nozeli au bomba linalovuja injini ikinguruma. Ule mkwaju wa dizeli unatoboa ngozi. Akitobolewa mtu, hata kama kidonda ni kama cha sindano, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na oili yote tuliimwaga, na filta ya oili tukabadilisha. Usifunge pampu mpya ukaacha oili ile.

Vijana wataniuliza juu ya Hilux. Hilux nyingi za dizeli za zamani hazina pampu hii. Pampu kubwa inavuta yenyewe, na juu ya filta kuna kitufe cha kupiga kwa mkono. Na haya magari mapya ya komon reli, pampu zake ni za umeme au ziko ndani ya pampu kubwa, presha yake ni ya kuua. Hayo msilegeze nati yoyote, mwachieni fundi aliyesomea.

Jumapili iliyofuata tuliitisha mkutano. Nilisoma yale niliyoandika, kisha nikaandika chini yake kwamba si kweli, nikatia sahihi. Kijana alilipwa mshahara wa majuma aliyokaa nyumbani, akarudi kazini. Mama yake alinisalimia siku hiyo. Yeye mwenyewe kwa karibu mwaka mzima hakuniita katibu, aliniita "askari".

Tangu hapo kitabu cha gari kikapata mstari mmoja zaidi: kila asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, oili iko wapi, na kama imepanda iandikwe kwa kalamu nyekundu. Kupungua kila mtu anakuogopa. Kupanda hakuna anayekuogopa.

Nimesikia Mwenyekiti akikohoa. Gari iko pale chini ya mwembe, na nimekuja na pampu kuukuu iliyofunguliwa mpate kuona hiyo ngozi kwa macho. Akina mama watangulie mbele, kwa sababu kila mara wanaume wakizunguka boneti nyinyi mnabaki kuona migongo.