Nuru Ni Shahidi: Umbo la Nyota Inayolipuka



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu kijana, na wewe mzazi unayesoma ukingoja adhana ya Isha, hebu tuanze na picha moja. Huenda umewahi kuiona. Ni kitu chekundu angani mfano wa waridi, na chini yake imeandikwa aya ya Surat Ar-Rahman, pamoja na maneno kwamba hiyo ni nyota iliyolipuka na sasa wanasayansi wamesalimu amri. Mimi niliipata nikiwa madrasa. Niliibandika ukutani na nikawagawia wenzangu nakala.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba ile si nyota iliyolipuka. Wanafalaki wanaiita Jicho la Paka. Ni nyota ya kadiri inayokufa polepole, ikipuliza gesi zake nje. Na zile rangi zilipangwa na wataalamu wenyewe, ili gesi moja itofautiane na nyingine. Niliona haya, wallahi. Si kwa ajili ya Qur'ani, maanake Qur'ani haikupungukiwa na kitu. Niliona haya kwa ajili yangu mimi, niliyefunzwa kwamba khabari haipokelewi mpaka ajulikane aliyeileta, kisha nikapokea hii bila ya kuuliza.

Basi leo tuulize. Nyota ikilipuka kweli, mtu atajuaje ina umbo gani?

Usidhani ni jambo rahisi. Nyota hizo, ambazo huitwa supanova, ziko mbali mno. Nyingi ziko nje kabisa ya kundi letu la nyota, na hata kwenye darubini kubwa huonekana nukta tu. Nukta haina umbo. Lakini nuru yake imebeba ushahidi.

Chukua kamba, ipitishe katikati ya vyuma vya dirisha vilivyosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, linagonga vyuma na kufa. Nuru nayo ni wimbi, na hutikisika pande zote. Ukiichuja ikabaki inayotikisika upande mmoja, hiyo ndiyo wataalamu wanaita polaraizesheni. Mvuvi mwenye miwani ya jua ya aina hiyo anaijua faida yake: mng'aro wa juu ya maji unakatika, akaona samaki walio chini.

Sasa, nuru inapotoka kwenye mlipuko hugongana na elektroni, na kila mgongano huipa upande wake wa kutikisika. Mlipuko ukiwa mviringo kama mpira, pande zote zinalingana na kufutana, kama watu wenye nguvu sawa wanaovuta kamba: hakuna anayesogea. Lakini ukiwa umerefuka upande mmoja, hesabu haifutani. Kunabaki kitu kidogo, mara nyingi asilimia 1 hivi au chini yake, na hicho kidogo ndicho kinachosema umbo. Tena vumbi lililoko njiani baina yetu na nyota nalo hutia chake, kwa hivyo lazima litolewe kwanza kwenye hesabu. Si ndivyo tunavyofanya kwa wapokezi wa khabari? Mpokezi dhaifu hujulikana, akawekwa kando.

Nikupe mfano. Tarehe 10 Aprili 2024, siku tuliyosali Idd-ul-Fitr ya mwaka 1445, ilionekana supanova iliyopewa jina SN 2024ggi, umbali wa miaka ya nuru milioni 22 hivi. Mtaalamu Yi Yang wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, alikuwa ndio kwanza ametua San Francisco baada ya safari ndefu ya ndege. Hakulala. Aliandika maombi ya kutumia darubini kubwa iliyoko Chile, katika jangwa la Atacama, yenye kioo cha upana wa mita 8.2. Saa 26 tu baada ya nyota kugunduliwa, nuru yake ilikuwa inapimwa. Wangechelewa siku moja, umbo la mwanzo lingekuwa limeshapotea.

Walikuta nini? Mlipuko ulipotoboa uso wa nyota haukuwa mpira. Ulikuwa umerefuka, mfano wa tunda la zaituni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Faida yake ni kwamba mpaka leo wataalamu wanabishana ni nguvu gani hasa inayoisukuma nyota kubwa ilipuke baada ya kiini chake kuporomoka. Umbo hili linawawezesha kuzikataa baadhi ya nadharia.

Najua tayari kuna mtu anasema: "Zaituni! Surat At-Tin hiyo!" Ndugu yangu, tulia. Usiitundike aya ya Allah kwenye picha ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Aya haitatikisika, lakini imani ya mdogo wako aliyekuamini inaweza kutikisika. Mimi nilijibiwa swali langu na mwalimu mwenye subira. Si kila mtu hupata.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Mwaka 1006 ilitokea supanova kubwa, na kule Misri kijana Ali ibn Ridwan, aliyekuwa na miaka kama 18, aliitazama. Baadaye aliandika mahali ilipokuwa, akailinganisha ukubwa wake na Zuhura na nuru yake na ya mwezi. Aliandika alichokiona. Ndiyo maana mpaka leo wanafalaki wanautumia ushahidi wake.

Usiku wa leo, baada ya tarawehe, toka nje uinue macho. Na picha nyingine ikikufikia kwenye simu, uliza kwanza: nani kaileta, na amejuaje?

Allah atuzidishie ilmu yenye manufaa, na atutakabalie funga zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.