Mwendo wa Mbali wa Watoto wa Japani

Nchini Japani mwaka wa masomo huanza mwezi wa Aprili, maua ya miti ya cheri yanapopukutika, na wanafunzi wa shule za msingi, kabla hawajazoeana barabara na wenzao wapya, hutolewa darasani kwa safari iitwayo ensoku, jina ambalo herufi zake maana yake ni "mbali" na "mguu".

Lililotustaajabisha zaidi ni uangalifu wa waalimu, ambao aghalabu hutangulia wenyewe siku kadhaa mbele, wakaikagua njia, wakatazama pa kuvukia barabara, pa kupumzikia na vilipo vyoo, ndipo watoto wapewe kijitabu chenye ratiba na vitu vya kuchukua: chakula kutoka nyumbani, chupa ya maji, mkeka wa kukalia. Hata vitamutamu huwekewa mpaka wa bei, jambo ambalo kwetu sisi ni insafu kubwa, kwani mtoto wa maskini haoni haya mbele ya mwana wa tajiri.

Wa darasa la sita huenda mbali zaidi, wakalala huko. Wengine hufika Hiroshima, wakaweka korongo wa karatasi penye mnara uliozinduliwa mwaka 1958 kumkumbuka Sadako Sasaki, mtoto aliyeugua kwa sababu ya bomu la atomiki lililoangushwa huko, aliyefariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 12.