Kabla ya Kumwita Mhuni

Vijana wenzangu, mwenzenu darasani kaanza kuvuta sigara. Mtasema ni mhuni tu? Ngoja kwanza. Tuwaulize wataalamu watatu wa tabia.

Skinner wa Marekani alisema jambo linaloleta faida hurudiwa. Je, akivuta anapata nini? Labda sifa kwa washikaji. Basi apate sifa kwingine, kwenye mpira au ngonjera.

Bandura, mwaka 1961, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujazwa upepo. Waliomwona waliiga kipigo kile; wasiomwona, kwa nadra. Hapa swali ni: anamwiga nani?

Bowlby wa Uingereza aliangalia utotoni. Aliyekosa mlezi wa kumtegemea huona taabu kumwamini mtu. Huyo ukimfokea, umempoteza.

Nani yuko sahihi? Kila mmoja kashika kipande. Ndiyo maana ofisa mzuri wa ustawi wa jamii humsikiliza mtu kwanza, nadharia baadaye. Viboko vitaificha sigara, sababu itabaki palepale. Tena nikotini hunasa, kuacha si nia tu.

Basi kaa naye, muulize, sikiliza. Yakikuzidi, nendeni pamoja kwa mwalimu anayemwamini.